Ardhi ya Awendo: Wekundu wa Juu na Weusi wa Bondeni

Msafiri atokaye pwani kwenda Awendo huivuka karibu Kenya nzima. Huacha nyuma mchanga na mwamba wa matumbawe wa Mombasa, akapita ardhi nyekundu ya Voi na Tsavo, akakuta udongo mweusi wa nyanda za Athi, kisha akapita Narok na Bomet hadi milima ya Kisii yenye migomba na majani chai. Kutoka Kisii barabara huteremka hadi Rongo, na hapo miwa huanza kuonekana pande zote mbili. Anayetazama dirishani bila ya kusinzia ataona kwamba safari hiyo ni ya udongo mbalimbali kama ilivyo safari ya miji mbalimbali.

Awendo ni mji wa Kaunti ya Migori, katika barabara kuu iendayo mpakani Isebania. Kiwanda cha sukari cha South Nyanza, ambacho wenyeji hukiita Sony, kilianza kusaga miwa mwaka 1979, na mji ukakua pembeni mwake. Watu wa makabila mengi walifuata riziki huko, na miongoni mwao ni mjomba wetu, aliyetoka Kisauni akiwa kijana na kufungua duka la nguo na vyombo. Katika kaunti hii pia ipo Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe yaliyopangwa bila ya udongo wala chokaa kuyashikanisha, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Lakini safari yetu haikuwa ya kutazama maboma. Mjomba alikuwa ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mkaza mjomba alikuwa ametoka eda. Tulikwenda wanawake watatu wa ukoo na ndugu yetu mmoja wa kiume, ili tuhudhurie ugawaji wa mirathi.

Marehemu aliacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Hakuacha deni wala wasia, na wazazi wake walikwisha kufariki. Mali kubwa ilikuwa shamba la ekari 8. Hesabu ya fungu la kila mmoja haikuwa na ugumu. Mke hupata thumni, yaani ekari 1, na zilizobaki 7 huenda kwa watoto, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti. Hivyo kila kijana ana ekari 2.8 na binti ana ekari 1.4. Juu ya hilo hapakuwa na neno.

Neno lilikuwa juu ya mahali pa kukata. Shamba lile ni la mteremko. Upande wa juu umepakana na njia ya magari, na upande wa chini unaishia penye kijito. Kaka mkubwa alipendekeza likatwe kwa kukingama: vijana wachukue sehemu ya juu, na mama na binti wapewe ya chini. Alisema kwamba dada yake ameolewa Mombasa na hatajenga huko, na kwamba ekari ni ekari popote ilipo. Alisema hivyo kwa upole, wala hatukumwona kuwa ana nia mbaya. Hata hivyo mkaza mjomba, ambaye amelilima shamba lile kwa miaka mingi, alituomba tuteremke naye kwa miguu kabla ya mtu yeyote kuitikia.

Juu, udongo ulikuwa mwekundu, wenye kina, unaovunjika mkononi kuwa punje ndogo. Ndipo ilipo nyumba, na ndipo mahindi na maharage hustawi. Katikati ya mteremko wekundu ulififia ukawa wa hudhurungi, na changarawe zikaanza kuonekana. Chini karibu na kijito udongo ulikuwa mweusi wa kijivujivu. Kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa hazijaanza, ulikuwa umepasuka nyufa pana za kuingiza vidole vyote vya mkono. Mkaza mjomba alisema kwamba mwezi wa Aprili, masika yakishika, mahali hapo hapo mtu huzama hadi kwenye kifundo cha mguu na jembe hunasa.

Sababu ya tofauti hiyo ni chembe zisizoonekana kwa macho. Wataalamu hugawa chembe za udongo kwa ukubwa wake. Mchanga ni chembe zenye upana wa kuanzia milimita 0.05 hadi 2. Tope laini, ambalo vidoleni huhisiwa kama unga, ni la kuanzia milimita 0.002 hadi 0.05. Mfinyanzi ni chembe ndogo kuliko hizo zote. Udongo wenye mchanga mwingi hupitisha maji upesi na hukauka upesi, na wenye mfinyanzi mwingi huyashika. Tifutifu ni mchanganyiko wa vyote, na kwa hiyo ndio upendwao na wakulima. Tena udongo mzuri si kitu kigumu kitupu. Karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi za hewa na maji, na mizizi huishi ndani ya nafasi hizo. Gari zito au trekta likipita juu ya udongo uliolowa, nafasi hizo hubanwa, na mwaka unaofuata mazao hudumaa ingawa mbolea ilitiwa.

Kuutambua udongo hakuhitaji maabara, na tulifanya majaribio mawili uani, watoto wakitusaidia. La kwanza ni la mkono. Utachukua donge, ulilowe kidogo na kulikanda kama unga wa chapati, kisha ulisukume baina ya kidole gumba na cha shahada ili litoke mfano wa utepe. Wa kichanga haufanyi utepe, au hukatika mara moja. Ukivuka sentimita 5 bila ya kukatika, huo ni mfinyanzi. Jaribio la pili ni la chupa. Utatia udongo hadi theluthi, ujaze maji, utikise kwa nguvu na uiache mahali pasipoguswa. Mchanga hutuama kwa muda wa dakika moja hivi, tope laini huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi hukawia siku nzima au zaidi. Baada ya hapo utaona tabaka zimepangana na unaweza kuzipima kwa rula. Chupa ya udongo wa bondeni ilikuwa bado na maji machafu siku ya pili yake.

Rangi nayo ina maana. Wekundu hutokana na kutu ya chuma, na huonyesha kwamba maji hupita vyema na hewa huingia. Ukijivu huonyesha kwamba udongo hukaa ndani ya maji muda mrefu. Weusi ndio unaowadanganya wengi, kwani sisi tumezoea kudhani kwamba udongo mweusi ni wenye rutuba kila mara. Mweusi wa bondeni, ambao Tanzania huitwa udongo wa mbuga, una namna ya mfinyanzi inayovimba ikinywa maji na kunywea ikikauka. Kuvimba huko kuna nguvu ya kuinua msingi wa nyumba, na kunywea kwake huuacha msingi ukining'inia. Ndiyo maana nyumba zilizojengwa juu yake bila ya kuuchimba na kuuondoa hupasuka kuta. Shimo la choo nalo hujaa wakati wa masika, kwa sababu maji hayana pa kwenda.

Hata makaburi huufuata udongo. Sisi watu wa pwani twajua kwamba mwanandani huchimbwa ubavuni mwa kaburi pale ambapo ardhi ni imara, na kwamba ardhi ikiwa legevu huchimbwa mfereji wa katikati badala yake. Marehemu alizikwa juu, katika udongo mwekundu, ambao kuta zake husimama wima. Wachimbaji walikuwa wenyeji, wala hawakuhitaji kuelezwa.

Hata hivyo haingekuwa haki kuusema vibaya ule mweusi. Wakati wa kiangazi, juu kunapokauka, bondeni hubaki unyevu, na miwa na nduma huendelea kuwa kijani. Na katika nchi ya Wajaluo wanawake wafinyanzi hutafuta mfinyanzi wa namna yake na kuutengenezea mtungi uitwao agulu. Mtungi huo hupoza maji kama ule wetu. Maji kidogo hupenya katika vitundu vya udongo uliochomwa, yakafika nje na kukauka kwa upepo, na kukauka huko huondoa joto.

Mpangilio huu wa mwekundu juu na mweusi chini si wa Awendo peke yake, na aliyeupa jina lake katika elimu aliufanyia kazi si mbali na pwani yetu. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara, alitunga katika miaka ya 1930 neno katena, litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Aliona kwamba udongo wa mteremko mmoja ni kama pete za mnyororo uliofungwa juu na chini: kila pete ina sura yake, lakini zote zimeshikana, kwa kuwa maji ya mvua huchukua chembe na chumvi kutoka juu na kuziweka chini. Leo neno hilo hutumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote.

Baadaye mataifa yalikubaliana juu ya makundi. Mfumo wa kimataifa unaotumika sasa una makundi makuu 32. Mweusi unaopasuka huitwa vertisoli, na mwekundu wenye kina kama ule wa milima ya Kisii huitwa nitisoli. Kenya ilichorewa ramani ya udongo wa nchi nzima na kuchapishwa mwaka 1982, kwa kipimo cha moja kwa milioni moja. Maana yake ni kwamba milimita moja ya ramani ni kilomita moja ya ardhi, na shamba la ekari 8 ni dogo kuliko nukta ya kalamu. Ramani ya namna hiyo humsaidia mpangaji wa serikali. Warithi wanaogawana mteremko mmoja hawana budi kuutembea kwa miguu.

Jioni tulikaa tena kikao, akiwamo sheikh wa mtaa. Chupa tatu za udongo zilikuwa juu ya meza. Binti, ambaye hakuwa amesema kitu siku mbili, alimwambia kaka yake, "Kama ekari ni ekari, basi tubadilishane: mimi nichukue juu na nyinyi mchukue bondeni." Kaka alinyamaza kwa muda, kisha akacheka, na waliokuwapo wakacheka naye. Sheikh akaeleza kwamba wanazuoni wa madhehebu ya Shafii walikwisha kulifikiria jambo hili. Vitu vinavyofanana hugawanywa kwa kipimo. Visivyofanana husawazishwa kwa thamani, hata ikiwa mmoja atapata ukubwa mdogo na mwenziwe mkubwa. Na pale ambapo usawa hauwezekani kwa kugawa, mwenye kuzidi humlipa mwenye kupungukiwa. Fungu lililotajwa katika sheria ni haki ya mtu katika mali, na mali ni thamani yake, si upana wake tu.

Kulipana fedha kulikuwa kugumu, na kila mmoja alikuwa na bei yake kichwani kwa udongo wa bondeni. Walichoafikiana ni kulikata shamba kwa urefu, kila kipande kianze njiani na kiishie kijitoni, ili kila mrithi apate mwekundu, hudhurungi na mweusi. Shamba lina mita 130 hivi mbele na 250 kwenda chini. Kipande cha mama kikawa cha upana wa mita 16, cha binti mita 23, na cha kila kijana mita 45. Cha mama na cha binti viliwekwa pamoja, kwa kuwa mita 16 peke yake ni chembamba.

Mkaza mjomba alikuwa na neno moja la mwisho. Alisema kwamba mwenye kipande chembamba kilichosimama juu na chini huvutiwa kulima kwa kufuata urefu wake, na matuta yakielekea chini, mvua moja kubwa huwa mfereji, na wekundu wote wa juu huteremka kijitoni. Basi katika hati ya makubaliano yakaongezwa masharti mawili: kwamba matuta yote yatalimwa kwa kukingama, na kwamba mistari mitatu ya majani ya ng'ombe itapandwa kutoka mpaka wa kwanza hadi wa mwisho, ikipita katika vipande vyote vinne bila ya kukatika. Kwa namna hiyo warithi wamegawana ardhi lakini hawawezi kuilima kila mtu peke yake.

Hati hiyo ilitiwa saini na wote wanne, nasi mashahidi, na mpimaji wa ardhi akatarajiwa wiki iliyofuata. Familia nyingi za pwani zina fungu katika mashamba ya bara, lililoachwa na baba au babu aliyekwenda kufanya biashara, na mara nyingi mgao hufanywa kwa simu na kwa ekari. Yeyote aliye katika hali hiyo, hasa mwanamke aliyeolewa mbali, twamshauri amwombe aliyeko huko amletee udongo wa sehemu tatu, wa juu, wa katikati na wa chini, autie katika chupa za maji, na asitie saini mpaka maji yatakapotuama.