Hodi ya Mvuke

Baridi ya Isongole haihitaji kusimuliwa kwa mtu aliyepata kupita njia itokayo Uyole kwenda Tukuyu katika mwezi wa Juni au Julai. Mlima Rungwe, ambao kilele chake hukaribia mita 3,000, hujifunika ukungu hata shingoni, na watu wa mashamba ya viazi huuzunguka moto wa jikoni mpaka usingizi uwachukue. Moto huo huonekana, hulishwa kuni kwa mkono, na ukitoa sauti sababu yake hujulikana: ni kuni mbichi au ni kifuniko cha chungu. Mama mmoja mtu mzima wa huko, aliyekwenda Chicago kumtunza mkaza mwana wake aliyejifungua, alikuta nyumba yenye joto lisilo na moto, na joto lenyewe lilibisha hodi usiku kucha.

Usiku wa kwanza aliitikia, "Karibu!" Akajitanda khanga, akafungua mlango; ukumbini hapakuwa na mtu. Usiku wa pili hakuitikia, maana hodi ya usiku wa manane isiyo na mwenyewe ni jambo ambalo watu wa makamo yake hawalifanyii mzaha. Mtoto mchanga aligutuka kwa kila pigo, na mamaye hakupata usingizi. Mwana wa mama huyu alicheka tu. Siku ya nne mama aliuliza kama tarehe ya tiketi yake ya kurudi yaweza kusogezwa mbele, na hapo kicheko kikakatika.

Nyumba nyingi kongwe za miji baridi ya Marekani zilijengwa zipashwe joto kwa mvuke. Mjini New York mvuke umekuwa ukiuzwa kwa mabomba yapitayo chini ya barabara tangu mwaka 1882. Katika nyumba kama ile ya Chicago, boila hukaa chini kabisa, na bomba moja hupanda mpaka kwenye chombo cha chuma kilichowekwa chumbani, kiitwacho rejeta, jina lile lile la chombo cha kupoza injini ya gari. Mvuke ukigusa chuma baridi huacha joto lake na kurudi kuwa maji, na maji hayo hushuka kwa bomba lile lile lililouleta mvuke. Aendaye na arudiye hupishana katika njia moja nyembamba. Rejeta ikiinama upande usiofaa, maji hutuama. Mvuke ujao nyuma huyasukuma hata yakaipiga kona ya bomba kama rungu. Au mvuke uliozingirwa na maji baridi husinyaa ghafula, kwani maji yakiwa mvuke huchukua nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya kwanza, na maji huenda mbio kulijaza pengo. Hiyo ndiyo hodi.

Mwana naye alikuwa na kosa lake. Chumba kilipozidi joto alikuwa akiifunga koki nusu, kama mtu apunguzavyo maji ya bombani. Walakini koki ya rejeta yenye bomba moja haina nusu: ama iwe wazi kabisa, ama ifungwe kabisa. Ikiwa katikati, mvuke hupenya, na maji hushindwa kutoka.

Mama aliomba sahani bapa, akaitia maji kidogo, akaiweka juu ya rejeta ilipokuwa imepoa. Maji yakakimbilia upande wa mbali na koki. Sakafu ilikuwa imedidimia kwa uzito wa miaka mingi.

"Mwanangu," alisema, "maji yako yanaambiwa yapande."

Mtu aliyechimba mifereji ya matuta ya viazi katika mteremko maisha yake yote hakuhitaji kitabu kwa jambo hili. Mwana alileta pimamaji na kabari mbili za mbao, akainyanyua miguu ya upande wa mbali polepole, kwa hadhari, kwa kuwa rejeta ni nzito na kiungo cha bomba la zamani huvunjika upesi. Akabadilisha na kipumulio, kile kidude kidogo kitoacho hewa, ambacho kilikuwa kimeziba kwa kutu na kutema maji. Fundi wa mwenye nyumba alipoitwa aliishusha nguvu ya mvuke kwenye boila, isizidi ratili 2 kwa inchi ya mraba. Ni ajabu jinsi watu wengi wanavyoiongeza nguvu hiyo wakitumaini joto, wakavuna kelele na hasara ya gesi.

Usiku ule rejeta ilitoa mluzi mfupi, kama birika linaloepuliwa, kisha ikanyamaza. Mtoto alilala mpaka saa ya kunyonya. Habari ya tiketi haikutajwa tena. Karibu na alfajiri mapigo matatu yalisikika kwa mbali, kutoka kwa jirani wa ghorofa ya chini. Mama aliinua kichwa, akasikiliza.

"Hiyo si yetu," alisema, akageukia ukutani.