Msasi na Magurudumu Manne

Kiswahili hakina jina lililozoeleka la mnyama aitwaye musi, wala si ajabu, maadam hajapata kukanyaga nchi zetu. Hata Waingereza waliliazima jina hilo kutoka lugha za Kialgonkini za wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Nimekutana naye vitabuni tu: mkubwa kuliko wote katika jamii yake, mwenye miguu mirefu na pembe pana mithili ya viganja vilivyokunjuliwa. Dume la Alaska huweza kuzidi kilo 600.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nami, kabla ya kupiga hesabu, nilikuwa tayari kuwabeza wawindaji wanaoingia nyikani juu ya pikipiki za magurudumu manne. Kumbe dume moja hutoa nyama ipatayo kilo 200, na sheria za Alaska humlazimu mwindaji kuitoa porini nyama yote iliwayo. Kuondoka na pembe na kuiacha nyama ioze ni kosa. Basi mtu abebaye kilo 30 mgongoni atakwenda safari saba. Ikiwa kambi iko kilomita tano kutoka alipoanguka mnyama, atatembea kilomita 65, akizama katika kinamasi na kukwepa dubu walionusa damu. Ni nani asiyetamani mtambo wa kumsaidia?

Lakini ardhi ile nayo si kama ya kwetu. Chini ya kuvu na nyasi pana udongo ulioganda tangu zama na zama. Gurudumu likilichubua zulia hilo la juu, joto hupenya, barafu huyeyuka, maji hutuama, na pale palipokuwa na alama ya tairi pakawa mfereji. Dereva afuataye, kwa kuogopa tope, hupita kando. Wa tatu hupita kando zaidi. Hatimaye njia moja huzaa kumi. Kovu lake huweza kudumu miongo mingi.

Ndiyo sababu serikali ya jimbo hilo hukataza kumkimbiza mnyama kwa chombo cha moto, na baadhi ya maeneo imeyafungia kabisa wawindaji wenye injini. Migogoro haikosi. Mwaka wa 2007 John Sturgeon, akiwa katika safari ya kuwinda musi, alizuiwa na askari wa hifadhi ya taifa kutumia chombo kinachoelea juu ya hewa katika Mto Nation. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mara mbili, akashinda mwaka wa 2019 kwa sauti moja ya majaji wote. Hoja ilikuwa nani mwenye mamlaka juu ya mto. Kuhusu musi mwenyewe, mahakama haikuulizwa.

Sisi Wakenya, ambao uwindaji ulipigwa marufuku kwetu mwaka wa 1977, tumebaki na msasi wa methali, yule asiyeogopa miiba. Huyo ndiye ninayempima naye mwenzake wa kaskazini. Kwangu, pikipiki ni punda wa nyama, si mbwa wa kusakia. Na ibaki juu ya njia ngumu iliyokwisha kukanyagwa. Kilomita moja au mbili za mwisho mtu aende kwa miguu, kimya, bunduki begani, na nyama aibebe mwenyewe hadi pale alipouzima mtambo.