Titi Zima na Damu ya Baba

Kwetu Runyenjes, Embu, mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo. Mimi nilipewa la shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekufa kwa saratani ya matiti akiwa bado kijana. Enzi hizo hospitali ya umma yenye mashine ya mionzi ilikuwa Kenyatta pekee, Nairobi, na foleni yake ilimshinda. Nyanya alikuwa ametangulia kwa kilichoitwa "ugonjwa wa tumbo". Kisha akafuata shangazi mdogo, titi tena. Wazee wakaitisha maombi. Wengine wakanong'ona habari za fitina ya shamba.

Nilipoolewa Nkubu nilijiambia hayo nimeyaacha Embu. Kliniki wakiniuliza kama kwetu kuna saratani, nilijibu hapana, kwa maana upande wa mama ni wazima wote. Daktari mmoja wa Meru ndiye aliyeuliza, "Na kwa baba?" Akachora ukoo nyuma ya karatasi ya maabara, akamzungushia nyanya duara. Tumbo lile, alisema, huenda lilikuwa ovari.

Alinieleza kwamba saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Zinazorithiwa ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Lakini jeni za BRCA1 na BRCA2 zikiwa na hitilafu, mzazi yeyote, baba au mama, anaweza kukupa, na kwa kila mtoto ni nusu kwa nusu. Baba yangu, mzee wa kahawa asiyejua hata homa, aliweza kuipitisha hitilafu hiyo bila kuugua.

Inafaa aanze kupimwa aliyeugua. Binamu yangu, binti ya shangazi mdogo, alikuwa kwenye matibabu Embu. Akakubali, damu yake ikapelekwa ng'ambo. BRCA1. Yangu ikafuata, ikarudi na jibu lile lile.

Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya jeni hiyo, takriban 72 hupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80, na 44 ya ovari. Kuondoa matiti hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 90 au zaidi, ila haiishi kabisa. Njia nyingine ni kuchunguzwa kila mwaka kwa MRI na mamogramu. Ovari ndizo zilizonitisha zaidi, kwa sababu hakuna kipimo cha kutegemewa cha kuiwahi saratani yake.

Mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, titi zima hukatwa?" Wifi akasema hayo ni mambo ya Angelina Jolie, yule mwigizaji aliyetangaza upasuaji wake 2013. Mume wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza gharama. Hapo ndipo penye ugumu ambao watu hawausemi. Ukiugua, kijiji chote huja kwenye harambee, na kanisa hupitisha kapu. Nani atamchangia mwanamke anayechuma majani chai na kuimba kwaya, eti asije akaugua? Tuliuza ng'ombe, nikakopa kwenye chama.

Ovari zimeshatoka, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kuzaa. Ukomo wa hedhi ulinijia ghafla: jasho la usiku, hasira zisizo na mwenyewe, usingizi kwisha. Afadhali nilionywa. Matiti nayo nimeamua yatoke, na tarehe ninayo. Nalia wakati mwingine ninapooga. Shangazi hakupata nafasi ya kuchagua, basi nachagua.

Sasa kazi iliyobaki ni kaka yangu. Ananicheka, ati mwanamume ana matiti gani. Nimemwambia wanaume nao hupata saratani ya matiti, japo mara chache, na kwamba ana mabinti watatu. Jumamosi nateremka Runyenjes na ile karatasi ya daktari, na baba ameahidi kukaa nasi mezani.