Miaka Tuliyojifunza Kulisikiliza Bunge

Nilikulia Kahama, wakati ambapo Bunge kwetu lilikuwa jambo la siku moja kwa mwaka. Siku hiyo ilikuwa mwezi Juni, Waziri wa Fedha akisoma bajeti. Watu wazima waliizunguka redio wakisubiri bei ya bia, ya sigara na ya mafuta ya taa. Zikishatajwa, redio ilizimwa ili betri zisiishe. Mbunge tulimfahamu kwa misiba aliyohudhuria na mabati aliyochangia shuleni. Kwamba kazi yake ni kuiuliza Serikali fedha zetu zimekwenda wapi, hilo sikulisikia likisemwa mtaani wala darasani.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992. Uchaguzi wa 1995 ukaingiza wapinzani 46 katika viti vya majimbo, mbele ya 186 wa CCM. Hesabu hiyo ilitosha kueleza yaliyofuata. Mpinzani alisimama, akasema, akapigwa kwa kura. Waliosema ndiyo walishinda, kesho yake wakashinda tena. Hata silaha kongwe ya mbunge, ile ya kushika shilingi ya mshahara wa waziri asiyejibu hoja vizuri, kwa kawaida iliishia kwa mbunge kuirudisha mwenyewe au kunyang'anywa kwa kura. Wazee wengi wa kwetu walihitimisha kwamba upinzani ni kelele. Kwa miaka ile, ilikuwa vigumu kuwabishia.

Kilichotubadilisha sisi wa Kahama ni mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Mgodi huo ulikuwa jirani kabisa na mji wetu, na ardhi yake tuliijua kama mashamba ya watu tuliosali na kuzikana nao. Agosti 2007, Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema, kijana ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 31, alisimama bungeni Dodoma na hoja binafsi. Aliuliza kwa nini Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa Buzwagi mjini London mwezi Februari mwaka huo, ilhali Serikali yenyewe ilikuwa inaipitia upya mikataba ya madini. Aliomba iundwe Kamati Teule ichunguze.

Bunge liliikataa hoja yake. Kisha likamsimamisha yeye hadi Januari 2008, kwa madai kwamba amesema uongo juu ya waziri.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana, na nakumbuka jinsi habari ile ilivyopokewa. Sokoni, kwenye mashine za kukoboa mpunga, kwenye vijiwe vya bodaboda, watu walianza kuulizana kuhusu mrabaha, kuhusu misamaha ya kodi, kuhusu mkataba kusainiwa ugenini. Hakuna aliyekuwa ameuona mkataba huo. Lakini swali lilikwisha kutoka Dodoma, na adhabu ndiyo iliyolisambaza. Mzee mmoja mnunuzi wa mpunga, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza siasa, aliniambia, "Mwalimu, kumbe waziri naye anaulizwa!" Alikuwa amepiga kura tangu enzi za Mwalimu Nyerere.

Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akawa mmoja wa wajumbe wake, akiwa bado anatumikia adhabu ya Bunge. Mwaka 2010 ikapatikana sheria mpya ya madini iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Asilimia moja si utajiri. Lakini nilijifunza kwamba hoja inaweza kushindwa kwa kura asubuhi na kuendelea kufanya kazi kwa miaka.

Kabla ya sheria hiyo, mambo mengine yalikuwa yamefuatana. Dk. Willibrod Slaa wa Karatu alikuwa ameanza kuhoji malipo ya akaunti ya madeni ya nje, EPA, katika Benki Kuu. Januari 2008 ukaguzi ulithibitisha kwamba Shilingi bilioni 133 zililipwa kwa kampuni 22 isivyostahili, na Gavana akaondolewa. Februari ikaja ripoti kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kamati iliyoandika ripoti hiyo iliongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu mpinzani peke yake hana kura za kumtikisa yeyote. Anachoweza ni kuliweka jambo hadharani kiasi kwamba wenzake wa chama tawala waone aibu kulifunika.

Chini ya Spika Samuel Sitta, kanuni nazo zilibadilika. Kamati tatu zilizokuwa zikikagua hesabu zikakabidhiwa kwa wenyeviti wa upinzani: John Cheyo kwa Serikali Kuu, Dk. Slaa kwa halmashauri, Zitto kwa mashirika ya umma. Kuanzia hapo ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, ikawa na mtu wa kuisoma kwa bidii. Kila Aprili tulisubiri tusikie halmashauri gani ina hati chafu. Aprili 2012 Zitto alikusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, na Deo Filikunjombe wa CCM, mbunge wa Ludewa, alikuwa miongoni mwa waliosaini. Hoja haikupigiwa kura, lakini mwezi uliofuata mawaziri kadhaa waliachwa nje ya baraza.

Kilele nilikishuhudia Novemba 2014, kwenye mgahawa wa karibu na stendi. David Kafulila wa Kigoma Kusini ndiye aliyelishikilia suala la kutolewa kwa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya Shilingi bilioni 300. Sasa Kamati ya Hesabu za Serikali, Zitto akiwa mwenyekiti na Filikunjombe makamu wake, ilikuwa inasoma ripoti yake. Mwenye mgahawa alitakiwa na wateja aache mpira aweke Bunge. Watu walisimama hadi nje ya mlango, chai zikapoa. Matokeo yake Mwanasheria Mkuu alijiuzulu, Waziri wa Ardhi akafutwa kazi, na Waziri wa Nishati na Madini akaondoka Januari.

Miezi 14 baadaye, Januari 2016, Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitaendelea kurusha vikao vyote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Wapinzani walipinga ukumbini na polisi wakaingia kuwatoa. Mgahawani ukarudi mpira. Septemba 7, 2017, Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki na mnadhimu wa kambi ya upinzani, alimiminiwa risasi mchana kweupe kwenye makazi yake Dodoma. Siku ile shuleni kwetu hakuna mwalimu aliyeweza kufundisha. Mwaka 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alisema kwamba Bunge lina udhaifu. Na uchaguzi wa 2020, ambao wapinzani waliyakataa matokeo yake, uliipa CCM viti 256 kati ya 264 vya majimbo. Kambi Rasmi ya Upinzani ikakosa idadi ya kuundwa. Mwaka 2025 Chadema haikuwamo kabisa kwenye karatasi za kura.

Ripoti za CAG zinaendelea kutoka, tena nyingine ni nzito. Wapo wabunge wa CCM wanaozizungumza kwa ujasiri, nami nawaheshimu. Lakini mbunge anayejua kwamba chama chake ndicho kitakachoamua kama atagombea tena, ana mahali ambapo sauti yake hukoma. Mpinzani wa kweli anakwenda hatua moja zaidi, kwa sababu hana cha kupewa na waziri anayemuuliza.

Nafundisha Uraia mpaka leo. Wanafunzi wangu wanazitaja kazi za Bunge kwa ufasaha, kutunga sheria, kuidhinisha bajeti, kuisimamia Serikali, na katika mtihani wanapata maksi zote. Hawajawahi kumwona waziri akibanwa mpaka akajiuzulu, wakati sisi tuliliona jambo hilo. Ndiyo maana nadai matangazo ya moja kwa moja ya vikao vyote, kamati za hesabu mikononi mwa upinzani uliochaguliwa kwa haki, na CAG asiyeogopa kusema alichokikuta. Madai haya hayahitaji kubuni lolote jipya. Mambo ninayoyadai yalikuwapo hapahapa nchini, yakafanya kazi, na mrabaha wa dhahabu ulipanda baada ya swali la Buzwagi kuulizwa hadharani.