Tundu la Pili

Najua nimekuwa kimya. Testi zilibana, halafu bumu likachelewa, na si mnajua mtu akiishiwa hela hata maneno yanakata. Leo nina habari, na wenye roho nyepesi mnisamehe mapema: nimetoboa chuchu ya pili, ya kushoto. Ya kulia baadhi yenu mlishaijua, ila niliwasimulia nusu. Leo namwaga yote.

Ya kulia ilikuwa Novemba 2023. Mwaka wa kwanza, bumu la kwanza, miaka 21, kichwa kimejaa upepo. Tulikuwa wasichana watatu, tukaingia saluni moja mjini, ya kusuka na kubandika kucha. Kijana akatoa ile bastola ya kutobolea masikio. Wenzangu wakaishia sikioni na puani. Mie nikaona niwazidi: "Mie chuchu!" Wote wakapiga kelele. Paa! Kwisha habari. Hata mikono sikumwona akinawa.

Nikarudi hosteli najiona mjanja. Nikanunua spiriti, nikawa napaka asubuhi, mchana na jioni, huku nakizungusha kile kijiti kama tulivyofanywa masikio utotoni. Nalia, napaka, nazungusha. Kumbe spiriti inaunguza nyama mpya inayojaribu kuota, na kuzungusha ni kuchana kidonda upya kila siku. Halafu kijiti chenyewe kilikuwa kifupi, cha sikio, kwa hiyo chuchu ilipovimba ikabanwa kotekote.

Wiki ya tatu titi likawa la moto. Jekundu, linavuta, usaha unatoka. Usiku homa, natetemeka. Nikamwambia rumeti wangu ni malaria. Nikaenda duka la dawa, nikanunua rangi mbili bila kuandikiwa na mtu, nikameza siku mbili, nikaacha. Siku ya nne rumeti akakaa kitandani kwangu akaniangalia. "Malaria gani hii inanuka?"

Jamani. Nilijifunika shuka nikalia.

Ni yeye aliyenikokota hadi zahanati. Nikamkuta nesi mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, unasumbuliwa na nini?"

"Kifua."

"Unakohoa?"

"Hapana."

"Kifua cha namna gani sasa?"

Nikashindwa kujibu. Rumeti akajibu kwa niaba yangu. Yule mama hakucheka wala hakunihubiria. Alivuta pazia, akavaa glovu, akaangalia, akasema tu, "Umekaa nalo siku ngapi hili?" Daktari akaandika dawa na kuniambia nimeze dozi yote hata nikijisikia nimepona. Akasema ningechelewa zaidi jipu lingejikusanya ndani na ingebidi wanipasue. Mie nikadhani watang'oa kijiti palepale. Hapana, akasema kibaki kwanza, maana kikitoka tundu linaweza kuziba juu na usaha ukafungiwa ndani. Nikaambiwa nirudi baada ya siku tatu anione tena.

Kabla sijatoka nikamuuliza nesi kitu kilichokuwa kinanitafuna usiku kucha: nitaweza kunyonyesha? Akasema wengi waliotoboa wananyonyesha vizuri tundu likishapona, ila kidonda kibaya kinaweza kuharibu njia za maziwa, "ndiyo maana hukupaswa kukificha." Neno hilo lilinichoma kuliko ile bastola.

Sasa mtaniuliza, baada ya yote hayo, ya pili ya nini? Rafiki mmoja aliuliza kama najiadhibu. Si hivyo. Na si kwa ajili ya mwanaume, kabla hamjaanza. Ya kulia ilipona, ilichukua zaidi ya mwaka, na naipenda. Lakini kila nikijiangalia kwenye kioo naona ile siku ya kutaka sifa na zile siku nne za uongo. Nikataka moja ambayo nimeifanya mwenyewe kwa akili yangu, na mtu wa karibu anajua.

Aprili 2025 nikaenda kwa mtoboaji anayeifanya kama kazi. Nilienda mara mbili: ya kwanza kuuliza maswali tu. Akanionyesha mtambo wake wa kuchemshia vyuma kwa mvuke wa shinikizo. Akanieleza kwa nini bastola haifai: inasukuma kijiti butu kwa nguvu, na ile mwili wake wa plastiki haiwezi kuingia kwenye mtambo kama huo. Sindano na homa ya ini au virusi vya UKIMWI, wote tunajua habari yake. Kwa hiyo sindano lazima uione inafunguliwa mbele yako. Kijiti chake kilikuwa cha titani, unene milimita 1.6, na kirefu kidogo makusudi ili uvimbe upate nafasi. Kikishatulia unarudi kuwekewa kifupi.

Rumeti alinishika mkono. Jamaa akanawa, akavaa glovu, akaweka nukta mbili za wino, akaniambia nikae niangalie kama ziko sawa. Vuta pumzi. Toa. Wadau, ya pili inauma zaidi! Ya kwanza hujui kinachokuja, ya pili mwili unakumbuka. Nilimfinya rumeti mpaka akapiga kelele yeye.

Matunzo sasa, maana najua kuna anayesoma hii akiwa bafuni. Nanawa mikono kwanza, kila mara. Asubuhi na jioni namwagia maji ya chumvi yaliyosafishwa, yale ya 0.9% ya kusafishia vidonda, vichupa vidogo. Kikifunguliwa natumia siku hiyohiyo. Nakausha kwa tishu safi, si taulo, taulo linanasa nyuzi. Sizungushi. Gamba nyeupenyeupe ni kawaida, nalilainisha kwa maji na halibanduliwi kwa kucha. Spiriti hapana, mafuta hapana, dawa ya meno (ndiyo, kuna mtu alinishauri) hapana. Sidiria ya pamba isiyobana, ndiyo nalala nayo. Baharini sijaingia tangu Aprili, wenzangu wakienda Coco mie nalinda viatu. Na kwenye daladala begi nalibeba mbele kama ngao.

Huu ni mwezi wa saba na bado sijasema imepona. Chuchu inachukua miezi 9 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Nje panaonekana pazuri, ndani bado panashona.

Agosti nilienda kwa bibi, Pangani. Asubuhi moja natoka kuoga, khanga imelowa, nayo khanga iliyolowa haina siri. Bibi akaniita.

"Mke mwenzangu, njoo hapa. Hicho nini?"

Nikamwambia. Bibi yangu masikio yake yana matundu ya majasi tangu utotoni, na yeye hasemi kutoboa, anasema kutoga. Nikadhani atanielewa mara moja. Akakaa kimya, akachambua mchele, halafu akauliza, "Mtoto atanyonya chuma?"

"Nitakitoa bibi, siku hiyo."

"Mama yako anajua?"

"Bado."

"Hm." Akaendelea kupeta. Baadaye sana, tunakula, akasema hakipendi, na asije akasikia nimekitia tope wala majani. Nikamwambia maji ya chumvi tu. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kushangaa. Mama nitamwambia Desemba. Naogopa, lakini nitamwambia.

Kwa hiyo siwaambii mtoboe wala msitoboe. Nawaambia hivi: kama uko chumbani una kidonda chochote cha aibu, kina joto, kinatoa usaha, na umemwambia rumeti wako ni malaria, inuka sasa hivi uende. Yule mama nesi hacheki.

Haya, nakimbia, maji yametoka ghorofa ya chini na ndoo zangu zote tupu. Tuonane wiki ijayo, testi zikiniacha hai!