Mchezo wa mashevalie: je, tunafundishana uongo?

Wengi wanatuuliza, sisi wawili wa darasa la tano: kila siku ya posho, nyuma ya salongo, munafanya nini mule darasani na kopo ya maziwa na makaratasi? Na mwalimu mmoja alitupatia ulizo ngumu zaidi: «Huu mchezo wenu wa njama, hautafundisha watoto kusema uongo?» Ulizo ni ya haki. Tunataka kuijibu hapa.

Mchezo unaitwa Pendragon. Mwamerika mmoja, Greg Stafford, njo aliuandika, ukatoka mwaka wa 1985. Unahusu mashevalie, ni kusema wale askari wa farasi wa Ulaya ya zamani waliokula kiapo mbele ya bwana wao. Inchi yake ni Uingereza ya hadithi, ile ya mfalme Arthur. Hakuna ubao kama wa ludo. Kila mchezaji anachukua shevalie mmoja na kusema kwa kinywa chake mambo anayofanya. Sisi wawili tunaongoza: mmoja anasema kwa kinywa cha wafalme, mabibi na adui, mwengine anaandika katika kaye habari za mwaka. Maana kila siku ya mchezo inakuwa mwaka mmoja muzima. Buku kubwa tunayofuata, iliyotoka mwaka wa 2006, inaanza mwaka wa 485 na kuendelea karibu miaka 80. Basi shevalie anaoa, anazeeka, farasi yake inakufa, na mtoto wake anashika upanga nyuma yake.

Mchezo unataka dadu ya pande 20. Hapa kwetu haiko. Tulikata makaratasi 20, tukaandika namba 1 mpaka 20, tukayatia mu kopo. Kazi inaenda vile vile.

Sasa tuje kwa uongo. Kila shevalie iko na tabia 13, na kila moja iko na kinyume chake: kusema kweli na kudanganya, huruma na ukali, kusamehe na kulipiza kisasi, ushujaa na woga. Kila jozi inafanya 20 sikuzote. Kama kweli yako ni 13, udanganyifu wako ni 7. Ukidanganya barazani, tunatia alama. Wakati wa baridi, mwaka unapofungwa, unachota karatasi. Ikitoka namba kubwa kuliko udanganyifu wako, huo unapanda kuwa 8, na kweli inashuka kuwa 12. Hakuna anayekugombeza. Ni hesabu tu. Tena tabia sita, ni kusema juhudi, ukarimu, haki, huruma, unyenyekevu na ushujaa, zikifika 80 zote pamoja, shevalie anapata heshima ambayo inamlinda kama nguo ya chuma.

Tueleze mambo ya mwezi uliopita. Tulikuwa tumefika nyuma ya mwaka wa 495. Katika hadithi, mwaka ule mfalme Uther na mabwana wengi wanakufa kwa sumu katika karamu. Bwana wa Salisbury naye anakufa. Anabaki mjane wake, Bibi Ellen, na mtoto mdogo Robert. Hakuna mfalme. Wasaksoni wanakuja na silaha, wanasema: lipeni, ao tutachoma. Bibi anaita mashevalie wake, kama vile mwami anavyoita wazee, na kuwauliza: tufanye nini?

Tulikuwa na wachezaji wane. Mmoja alitaka vita. Dada mmoja wa darasa la nne akajibu kwa sauti ya chini: «Shiye kwetu tulisha lipa benye bunduki, pale ku barriere. Haikukuwa juu ya woga. Ilikuwa juu ya batoto.» Hakuna aliyecheka. Kila mutu mule ndani alijua anasema nini.

Wa tatu alikuwa na siri. Shevalie wake alikuwa amesikia ya kwamba Wasaksoni, hata wakilipwa, watarudi wakati wa mavuno. Alitaka kumwambia Bibi. Lakini kwa miaka mitatu shevalie huyu alikuwa akidanganya baraza kidogo kidogo, apate mashamba. Kweli yake ilikuwa imeshuka toka 13 mpaka 10. Akaingiza mkono mu kopo: 14. Imepita kweli yake. Akachota tena kwa udanganyifu: 6. Basi shevalie, mbele ya Bibi yake, akasema ya kwamba Wasaksoni ni watu wa neno.

Mwenzetu alisimama. «Lakini mimi nilitaka kusema kweli!» Tukamwonyesha kaye yake mwenyewe, miaka mitatu, kwa maandiko yake. Akakaa. Bibi Ellen alitoa ngombe na ngano zote. Wasaksoni wakarudi, wakachoma vijiji viwili. Yule dada akasema: «Kulipa haikukuwa mubaya. Mubaya ni ule alijua na hakusema.»

Mwalimu wetu alikuwa amekaa nyuma siku ile. Hakusema kitu. Siku ya posho iliyofuata alirudi, na kiti chake mwenyewe.

Jibu letu ndilo hili. Katika mchezo watu wanadanganya, ndiyo. Pasipo njama hakuna baraza. Lakini hapa uongo uko na bei, na bei inaandikwa mahali ambapo mwenyewe anaisoma. Inje, uongo wa leo tunausahau kesho, tukifikiri siku ya lazima tutasema kweli bila shida. Yule shevalie alifikiri vile.

Kwa wale wanaotaka kuongoza mchezo wa namna hii, tunawapa shauri tatu. Kwanza, kila mutu wa barazani awe na kitu anachotaka na kitu anachoogopa, hata mlinzi wa mlango. Hapo njama zitatoka zenyewe. Pili, musichague mahali pa wachezaji, hata mukiona wanaelekea shimoni. Ulizeni tu: «Unafanya nini?», kisha munyamaze. Tatu, musiruke wakati wa baridi. Vita inapendeza, lakini ni pale, mwaka unapofungwa na kila mumoja anahesabu yake polepole, ndipo shevalie anajulikana ni mutu gani.

Nafasi mbili ziko wazi kwa trimestre ya pili. Mulete biki na kaye. Kopo tuko nayo.