Gari Tupu Kwenye Mvua

Wiki iliyopita tulimzika huko Muyinga mzee aliyenifundisha ufundi. Nimerudi Gitega, na hapa gerejini magari mengi yamelala yakingoja mafuta. Mvua inayanyeshea, mimi nimekaa nayo na mawazo yangu.

Nilizaliwa Muyinga. Shule niliiacha mapema, nikaanza kwa kuosha vyuma kwa dizeli na kumpa mzee spana.

Breki ikikamata kwenye mvua, mzee alikuwa na jibu moja: dramu zimeingia maji. Mara nyingi ilikuwa kweli. Gari likilala nje usiku wa Aprili, dramu hushika kutu nyembamba, na asubuhi breki ya kwanza inang'ata. Tena laining ya mbele huvutwa na mzunguko wa dramu wenyewe, ikazidi kujibana. Alinifundisha kunusa kabla ya kufuta: harufu ya mafuta ya breki, silinda inavuja, harufu kali ya oili ya difu, sili ya ekseli imekwisha. Alipitisha kidole ukingoni mwa laining, akakitazama juani, ndipo akasema. Mikono kama ile sijaiona tena.

Tuligombana kwa sababu ya Hilux ya mteja mmoja wa kahawa. Ikienda Gitega na mzigo, haina neno. Ikirudi tupu kwa njia ya Karuzi, mvua ikinyesha, magurudumu ya nyuma yanafunga na gari linageuka ubavu. Mzee alipiga laining msasa mara tatu. Mara tatu ilirudi.

Nikaingia chini. Kuna vali pale, mkono wake umeunganishwa na ekseli ya nyuma. Gari likibeba, bodi inashuka, vali inaachia presha zaidi kwenda nyuma. Likiwa tupu, inaibana. Mkono ule ulikuwa umeganda kwa kutu na udongo mwekundu, umesimama penye mzigo. Gari tupu lilikuwa likipigwa breki ya gari lililojaa! Kwenye lami kavu tairi zilivumilia. Mvua haikuongeza breki, ilipunguza mshiko wa tairi.

"Mwanangu," mzee akasema, "mvua hii nimeijua kabla yako." Hakuongeza neno, na mwaka ule nikahamia Gitega.

Vijana, mkono ule msiufunge kwa waya, wala msiung'oe! Nimeyafungua magari yaliyofungwa waya na mafundi wanaojiita wakubwa, na dereva hajui anatelemka na nini. Muulizeni kwanza, kabla ya spana: lilipofunga, lilikuwa na mzigo au tupu?

Siku ya maziko pikapu ya mzee ilikuwa uani, haijatembea kwa miezi. Watu walipokwenda kula nililala chini yake na nguo zangu za msiba, nikausukuma mkono wa vali. Ulisogea kwa kidole kimoja. Ulikuwa umepakwa grisi.